Bering, Nahodha Aliyepita Mlangoni Asiione Ng'ambo

Mwanafunzi mmoja wa sekondari hapa Thika alinijia na swali ambalo kitabu chake cha jiografia kililipita haraka. Alitaka kujua kama yawezekana mtu kutoka bara la Asia na kuingia bara la Amerika kwa miguu, pasipo kupanda chombo. Nilimjibu kwamba yawezekana, ila ni kwa majuma machache ya mwaka, na sharti aiweke roho yake rehani. Lakini jibu la ufupi namna hiyo halikunitosha mimi mwenyewe, maana mahali pale pana jina la mtu, na wanaojua habari za mtu huyo hapa kwetu ni wachache. Basi leo, ndugu msomaji, nakuletea maisha ya marehemu Vitus Bering, nahodha aliyefariki mwaka 1741, ambaye jina lake limepewa mlango wa bahari unaozitenga Asia na Amerika.

Mlango wa bahari ni neno tulilozaliwa nalo sisi watu wa pwani. Chuoni, kabla sijafungua kitabu chochote cha jiografia, nilisikia wakubwa wakitaja Bab el-Mandeb, mlango wa maombolezo, pale Bara Arabu na Afrika zinapokaribiana kwa kilomita 30 hivi, na wazee waliosafiri kwa majahazi hadi Jidda walikuwa na visa vyake vya mikondo na miamba. Ule ni mlango wa joto. Huu wa Bering ni mlango wa barafu. Upana wake pale palipo pembamba ni kilomita 85 hivi, yaani kama kutoka Nairobi kuja Thika na kurudi. Kina chake si kilindi cha kutisha, kwani ni baina ya mita 30 na 50 tu. Katikati vimesimama visiwa viwili, Diomede Kubwa na Diomede Ndogo. Kikubwa ni cha Urusi na kidogo ni cha Marekani, na maji yaliyo baina yao hayafiki kilomita 4, wala hayafiki robo ya njia ya Thika hadi Ruiru. Mstari wa tarehe wa dunia umepita hapo katikati. Aliyeko Diomede Ndogo siku ya Jumapili akitazama ng'ambo huwa anaitazama Jumatatu.

Bering hakuwa Mrusi, ingawa aliwatumikia Warusi hadi kufa. Alizaliwa mwaka 1681 katika mji wa Horsens, bandari ndogo ya Denmaki, na baba yake alikuwa mtu wa forodha. Jina la Bering hakulipata kwa baba bali kwa mama, na jina zima la Vitus Bering lilikuwa la mzee mmoja wa ukoo wa mama yake, aliyekuwa mtunga mashairi na mwandishi wa historia wa mfalme wa Denmaki. Mimi niliye mshairi nafurahi kuona kwamba jina lililoenea ramani zote za dunia lilianza kuwa jina la mshairi. Habari ya mzee huyo iweke akilini, msomaji, kwa kuwa tutaikuta tena.

Kijana Vitus aliingia baharini angali na umri wa miaka 15 hivi, akasafiri katika vyombo vya Waholanzi hadi nchi za mashariki ya Bara Hindi. Siku zile mfereji wa Suez haukuwapo, na njia ilikuwa kuizunguka Rasi ya kusini mwa Afrika. Kwa hiyo mtu huyu wa barafu aliwahi kuizunguka Afrika na kulionja jua la nchi za joto kabla hajaiona Siberia. Mwaka 1704 aliingia jeshi la majini la Urusi, wakati mfalme Peter, yule aitwaye Mkuu, alipokuwa akitafuta mabaharia wa kigeni wa kumjengea manowari zake na kumpigania vita na Uswidi. Kazi za Bering zilikuwa zaidi za kuchukua shehena na habari kuliko za kupiga mizinga. Mwaka 1713 alimwoa Anna Christina, binti wa mfanyabiashara wa mji wa Vyborg. Vita vilipokwisha mwaka 1721 wenzake wengi walipandishwa vyeo, yeye akaachwa, na mwaka 1724 akaondoka jeshini kwa uchungu. Haikupita hata miezi mingi akarudi, mara hii akiwa kapteni wa daraja la kwanza.

Mfalme Peter alikuwa karibu na mauti, na kulikuwa na jambo linalomkera. Milki yake ilienea mashariki hata mwisho wa Siberia, lakini hapana aliyemwambia kwa yakini kama nchi ile iliishia baharini au iliungana na Amerika. Aliandika amri fupi: wajengwe mashua moja au mbili huko Kamchatka, zifuate pwani inayokwenda kaskazini, watafute pale inapokutana na Amerika, wafike hata mji wowote wa Wazungu, waandike ramani, warudi. Peter akafa mwanzoni mwa 1725, na Bering alikuwa ameshapewa kazi. (Tarehe nitakazozitaja ni za kalenda ya Warusi ya wakati ule, iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 11.)

Hebu fikiri uzito wa amri hiyo. Kuabiri kwenyewe kulikuwa kwa majuma machache, lakini ili uabiri ilikubidi kwanza uivuke Siberia nzima kwa nchi kavu na mito, ukichukua nanga, kamba, matanga, misumari na mizinga, kwa sababu huko mwisho hapakuwa na duka wala karakana. Walisafiri kwa magari ya kuburuta juu ya theluji, kwa mashua za mtoni, kwa farasi, na farasi walipokufa, kwa mabega ya binadamu. Msaidizi wake Martin Spangberg, naye Mdenmaki, alinaswa na baridi kali ya 1726 pamoja na watu wake, wakala farasi waliokwisha kufa, na walipommaliza farasi wakatafuna ngozi za mikoba na viatu. Walifika Okhotsk, ukingo wa bahari, ambako vyombo vidogo vya wenyeji wa pale vilishonwa mbao kwa mbao, jambo ambalo mtu wa Lamu aliyesikia habari za mtepe hawezi kulistaajabia. Wakavuka hadi Kamchatka, na badala ya kuizunguka rasi yake kwa maji, Bering akaamua mizigo yote ivukishwe nchi kavu wakati wa baridi kwa magari ya mbwa.

Hapo ndipo pana doa. Mbwa hao na waendeshaji wake walikuwa mali na watu wa Wakamchadali, wenyeji wa nchi, waliochukuliwa kwa nguvu msimu ule ambao wangekuwa wakiwinda. Mbwa wengi walikufa, nyumba nyingi zikakosa chakula, na mwaka 1731 wenyeji wakaasi, uasi uliozimwa kwa damu. Sisi hapa Afrika Mashariki tunayo mitaa inayoitwa Kariakoo na Kariokor, majina yaliyobaki ya wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita vya wengine kuanzia mwaka 1914, kwa hiyo hatuhitaji kuelezwa sana maana ya shehena ya serikali iliyowekwa kichwani pa mtu asiyeulizwa.

Katika majira ya kiangazi ya 1728 chombo kilikuwa tayari. Kilipewa jina la St. Gabriel. Kwa kukosa lami walichemsha miti mpaka ikatoa utomvu wa kuzibia nyufa. Chumvi waliipika kutoka maji ya bahari. Mafuta ya samaki yalikuwa badala ya siagi. Watu 44 walipanda. Kati ya Julai waling'oa nanga na kufuata pwani kaskazini, wakiiweka nchi mkono wa kushoto. Mwanzoni mwa Agosti ikawajia mashua ya ngozi yenye wenyeji wa Chukotka, nao wakasita mbali kwa hofu, hata mmoja wao akajitosa majini akiwa juu ya viriba vya ngozi ya sili vilivyojazwa pumzi, akaogelea mpaka ubavuni mwa chombo. Kwa msaada wa wakalimani walimweleza Bering kwamba pwani ya nchi yao inapinda kuelekea magharibi, na kwamba mbele kuna kisiwa. Siku chache baadaye alikiona kisiwa akakiita St. Lawrence. Kisha akapita mlangoni.

Naam, alipita mlangoni, na hakujua kwamba ni mlango. Ukungu ulikuwa umetanda. Mkono wa kushoto alikuwa na Asia. Mkono wa kulia, kama siku ingalikuwa safi, angaliziona milima ya Alaska kwa macho yake. Alipofika digrii 67 na dakika 18 za kaskazini, nchi kavu ya kushoto imekwisha kupinda na kupotea, mbele hapaonekani ila maji, aliwaita maofisa wake wawili watoe shauri. Aleksei Chirikov, Mrusi, kijana mwenye elimu ya nyota, alisema waendelee magharibi hadi wafike kinywa cha mto Kolyma au wazuiwe na barafu, kwani bila hivyo hawawezi kuwa na hakika. Spangberg alisema waende siku chache tu kisha warudi. Bering aliona kwamba wakikawia, baridi itawakuta katika pwani isiyo na kuni wala bandari, mbele ya watu wasiotii Urusi. Akageuza omo kusini. Katika kurudi, Agosti 16, alikiona kisiwa kimoja kati ya vile viwili, akakipa jina la Diomede kwa kuwa ilikuwa siku ya mtakatifu huyo. Amerika ilikuwa kilomita 40 hivi kutoka pale, nyuma ya pazia la ukungu.

Rafiki yangu mmoja wa Ruiru, mstaafu wa reli, ambaye hupenda kuniita shehe ingawa mimi si shehe, tulijadiliana naye jambo hili kwa jioni mbili tukinywa chai karibu na stesheni. Yeye anasema Bering alikuwa mwoga. Mtu anayesafiri miaka mitatu kufika mlangoni kisha anarudi kwa ajili ya ukungu, kwa maoni yake, ni sawa na dereva wa treni aliyetoka Mombasa akasimama Makadara akasema Nairobi labda ipo. Mimi sikubaliani naye. Nimekua kati ya manahodha, na nahodha niliyefunzwa kumheshimu ni yule anayewarudisha watu kwao. Bering aliulizwa kama nchi zile mbili zimeungana. Aliona pwani ikikatika na bahari ikiendelea. Akajibu kwamba hazikuungana, na jibu lake lilikuwa kweli. Alichokosa ni ushahidi wa kuwaridhisha walioketi barazani St. Petersburg karibu na moto. Hata hivyo nakiri kwamba hoja ya Chirikov ina nguvu, maana upepo ulikuwa mzuri na chakula kilikuwapo cha mwaka mzima, na siku mbili au tatu zaidi zisingewaua.

Lakini lipo swali ambalo mimi na mstaafu huyo tuliafikiana. Ni nani hasa aliyeuvuka mlango huu kwanza? Si Bering. Miaka 80 kabla yake, mwaka 1648, Mrusi mwingine, Semyon Dezhnev, alikwisha kuizunguka ncha ya Asia kwa mashua kutoka kaskazini, ila taarifa yake ilikaa katika ofisi ya Yakutsk bila kusomwa, mpaka mwanachuoni Gerhard Müller alipoifukua mwaka 1736. Na kabla ya Dezhnev na Bering, walikuwapo wenyewe wenye mlango. Wakati wa enzi ya barafu, bahari iliposhuka kiasi cha mita 120, pale pote palikuwa nchi kavu, na watu wa Asia wakaingia Amerika bila kujua wamevuka chochote. Maji yaliporudi, miaka ipatayo 11,000 iliyopita, wenyeji wa pande mbili hawakuacha kutembeleana. Wakati wa joto walivuka kwa mashua kubwa zilizotengenezwa kwa mifupa ya miti na kuvishwa ngozi za yule mnyama wa baharini mwenye meno marefu mithili ya pembe za ndovu. Hazina msumari; zimefungwa kwa kamba za ngozi, na zikipigwa na barafu hubonyea badala ya kuvunjika, kama vile mtepe wetu wa kamba za makumbi ulivyosifiwa kwa kubonyea mwambani. Wakati wa baridi walikwenda kwa mbwa na miguu hadi visiwani. Walikuwa na biashara, ndoa na vita. Hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake limeandikwa juu ya maji yale.

Bering alirudi St. Petersburg mwaka 1730, baada ya miaka mitano. Alipewa cheo, lakini wasomi walimsengenya kwa kurudi mikono mitupu. Mwaka 1732 chombo kile kile cha St. Gabriel, kikiongozwa na Fedorov na Gvozdev, kilivuka mlango na kuiona Alaska waziwazi. Habari hiyo ilichukua miaka kufika mji mkuu, na yeye wakati huo alikuwa amekwisha kuomba mwenyewe arudishwe mashariki. Watu husema alikwenda kwa tamaa ya cheo. Mimi nadhani ni zaidi ya hapo. Mtu aliyeambiwa hakumaliza kazi hapati usingizi.

Safari ya pili ilianza 1733, na ilikuwa kama kuhamisha mji. Maelfu ya watu waliingizwa humo: mabaharia, askari, mafundi, wapima ardhi, maprofesa wenye maktaba zao na mvinyo wao. Bering aliamrishwa kuchora pwani yote ya kaskazini ya Siberia, kutafuta njia ya Japani, kuifikia Amerika, na wakati huo huo kujenga barabara na viwanda vya chuma. Alikuwa na miaka zaidi ya 50. Mkewe Anna alikwenda naye pamoja na watoto wao wawili wadogo, akiwaacha wakubwa nyuma wasome, na katika mizigo yake aliisafirisha Siberia nzima na kinanda chake. Walikaa Yakutsk, wakafika Okhotsk, miaka ikapita kwa kugombana na wakuu wa majimbo waliochelewesha unga na kamba, huku barua kutoka mji mkuu zikimlaumu Bering kwa kuchelewa na hata mshahara wake ukipunguzwa. Mwaka 1740 vyombo viwili, St. Peter na St. Paul, vilikuwa tayari. Anna akageuka kurudi magharibi na watoto. Mumewe akashika bahari. Hawakuonana tena.

Katika ghuba ya Avacha, Kamchatka, waliweka kituo ambacho leo ni mji wa Petropavlovsk, jina linalotokana na vyombo hivyo viwili. Juni 4, 1741 walitweka matanga, Bering katika St. Peter na Chirikov katika St. Paul. Jahazi moja la shehena lilikuwa limeharibika kabla, na mikate mikavu mingi ikapotea, kwa hiyo mpango wa kukaa msimu wa baridi huko Amerika ulikwisha hata kabla haujaanza. Tena walipoteza siku nyingi wakitafuta nchi iliyochorwa katika ramani ya profesa mmoja, nchi ambayo haikuwapo kabisa. Ukungu ukawatenganisha mwezi huo huo wa Juni, na vyombo havikukutana tena. Julai 15 Chirikov aliiona Amerika. Julai 16 akaiona Bering, mlima mkubwa mweupe uliosimama juu ya mawingu, ambao tangu hapo huitwa St. Elias. Watu wake walimpongeza wakiruka kwa furaha. Yeye aliinua mabega, akatazama nchi ile bila tabasamu, na baadaye akawaambia waliokuwa naye chumbani kwamba hao wanaoshangilia hawajui wako umbali gani na kwao.

Katika chombo kile alikuwamo Georg Wilhelm Steller, Mjerumani, mganga na mchunguzi wa viumbe, mtu mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi. Alipewa saa 10 tu kushuka katika kisiwa kimoja cha pwani ya Alaska, naye akalalamika kwamba wametumia miaka 10 ya matayarisho kwa saa 10 za kazi. Ndege mmoja mwenye kishungi, wa rangi ya samawati, alimtosha kujua kwamba nchi ile ni Amerika kweli, kwa kuwa alikwisha kuona picha ya ndugu yake katika kitabu cha ndege wa Amerika. Siku iliyofuata Bering, akihofia upepo, alitoa amri ya kung'oa nanga ingawa mapipa 20 ya maji hayakuwa yamejazwa.

Mapipa hayo 20 yaliwagharimu. Walipojaza maji tena katika visiwa vya njiani walijaza maji yenye chumvi, na Steller alipowakataza wakamcheka. Kisha ukaingia kiseyeye. Ufizi huvimba ukaoza, meno hulegea, miguu huwa myeusi, na mtu hushindwa hata kugeuka kitandani. Nanasi moja moja kwa kila mtu kutoka mashamba haya ya Thika lingewatosha kuwainua, lakini katika karne ile mabaharia wa Ulaya walikufa kwa maelfu pasipo kujua kwamba dawa ni tunda bichi na mboga za majani. Baharia wa kwanza kufa, Shumagin, alizikwa katika visiwa ambavyo hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Upepo wa magharibi uliwapiga usoni mwezi wa Septemba na Oktoba wote. Mwishoni wenye kushika usukani walishikwa mikono na wenzao ili wasianguke.

Mwanzoni mwa Novemba waliona nchi, na maofisa wakaapa kwamba ni Kamchatka. Bering, aliyekuwa kitandani hawezi kusimama, alisema wajikaze waendelee hadi bandari ya Avacha, kwani wameshavumilia mabaya zaidi. Maofisa wakapiga kelele, ofisa mmoja aliyemuunga mkono akatukanwa na kufukuzwa chumbani, na shauri la wengi likapita. Tazama basi mambo yalivyo: mwaka 1728 yeye ndiye aliyesema warudi na kijana wake akasema waendelee, mwaka 1741 yeye ndiye aliyesema waendelee na vijana wakasema washuke. Amari zilikatika, na wimbi likakibeba chombo juu ya mwamba likakitua ndani ya maji matulivu kana kwamba kimewekwa kwa mkono. Haikuwa Kamchatka. Kilikuwa kisiwa kisicho na mti wala mtu.

Walichimba mashimo katika mchanga karibu na kijito, wakayaezeka kwa matanga. Mbweha wa theluji, wasiowahi kumwona binadamu, waliwajia mchana kweupe, wakala maiti kabla hazijazikwa na kuuma viatu vya walio hai. Bering alilazwa katika shimo lake, na mchanga uliokuwa ukimomonyoka kutoka kingoni ulimfunika miguu na kiuno. Walipotaka kuuondoa alikataa, akisema unampa joto. Alifariki Desemba 8, 1741, kabla ya mapambazuko, mwenye umri wa miaka 60, na ilibidi afukuliwe ndipo azikwe.

Waliobaki hai walikuwa 46. Luteni Sven Waxell, ambaye alikuwa na mwanawe mdogo chomboni, alishika uongozi bila kutumia fimbo, na Steller akawalisha majani na nyama mbichi wakapona. Nyama iliyowaokoa ilikuwa ya nguva. Msomaji wa Lamu amtambua nguva wetu, mpole, mla majani ya bahari, ambaye siku hizi kumwona ni bahati. Yule wa kisiwa cha Bering alikuwa ndugu yake wa baridi, lakini urefu wake ulifika mita 8, na mnyama mmoja aliwalisha watu wote kwa siku nyingi. Steller ndiye mtaalamu pekee aliyepata kumwona akiwa hai na kumwandika. Wakati wa joto wa 1742 walikivunja chombo chao kilichozama mchangani, wakaunda kingine kidogo kwa mbao zake, wakafika Avacha mwezi wa Agosti, wakiwa na ngozi za fisi-maji wa baharini zilizowatia wazimu wafanyabiashara wa Siberia. Wawindaji walimiminika. Nguva yule mkubwa alikwisha duniani kufikia mwaka 1768, yaani miaka 27 tangu Steller amwone, na wenyeji wa visiwa vya Aleut waliuawa na kufanywa watumwa wa ngozi hizo. Urusi ikaimiliki Alaska hadi 1867 ilipoiuzia Marekani kwa dola milioni 7.2.

Jina la Bering lilienea baada ya Mwingereza James Cook kupita mlangoni mwaka 1778 na kuona kwamba vipimo vya Mdenmaki yule vilikuwa sahihi kuliko walivyosema wabezaji. Tangu hapo watu hawajakoma kubuni njia za kuvuka. Tangu karne ya 19 wapo waliotaka kuchimba handaki la reli chini ya mlango, wazo ambalo hufufuka na kufa kila kizazi. Theodore Roosevelt, ambaye wakati wa urais wake mpango mmoja wa namna hiyo ulipelekwa kwa mfalme wa Urusi ukakataliwa, alilala hapa hapa kwetu katika shamba la Juja, baina ya Thika na Ruiru, mwaka 1909, miezi michache baada ya kutoka ikulu. Yeye alikuja kwa simba na viboko. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege za kivita zipatazo 8,000 zilitoka Alaska kwenda Siberia. Vita vilipokwisha mlango ulifungwa. Mwaka 1948 ndugu wa Diomede Ndogo hawakuruhusiwa tena kuwazuru wa ng'ambo, na wakazi wa Diomede Kubwa walihamishiwa bara. Mwaka 1987 mwanamke wa Kimarekani, Lynne Cox, aliogelea kutoka kisiwa kimoja hadi kingine kwa muda wa saa mbili na dakika chache, katika maji ambayo mtu wa kawaida hufa upesi. Mwaka uliofuata ndege ya abiria iliruka kutoka Nome hadi Provideniya ikiwa na wazee waliokuwa hawajaonana na jamaa zao kwa miaka 40. Na mwaka 2006 Karl Bushby, Mwingereza, na Dimitri Kieffer walivuka kwa miguu juu ya vipande vya barafu vinavyotembea, kazi iliyowachukua kama majuma mawili kwa sababu barafu iliwapeleka kaskazini kila walipolala. Walipofika Asia walikamatwa na polisi wa mpaka wa Urusi. Hilo ndilo jibu kamili la mwanafunzi wangu.

Mwaka 1991 wachimbuzi wa mambo ya kale kutoka Denmaki na Urusi walilifukua kaburi la Bering. Mifupa ilipelekwa Moscow ikachunguzwa. Meno yake hayakuonyesha alama kubwa za kiseyeye, na huenda alikufa kwa ugonjwa mwingine. Kutokana na fuvu walimuunda upya uso, ukatokea uso mwembamba, wa mtu mwenye misuli. Lakini ile picha iliyokuwa ikitolewa katika vitabu kwa miaka mingi ni ya mtu mnene mwenye mashavu na kidevu cha pili, na wataalamu wengi sasa wanaamini kwamba ni ya yule mzee wa ukoo wao, mshairi wa mfalme. Mwaka 1992 mifupa ya nahodha ilirudishwa kisiwani na kuzikwa tena mahali pale pale, pamoja na ya wenzake watano.